Sukari Juu ya Protini ya Bakteria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Dodoma na Kanda ya Kati

Majibu haya ni ya wazazi wanaopeleka watoto kliniki, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya, na wanafunzi wa afya na maabara. Sehemu za mwanzo ni za kila mtu. Za kuhifadhi chanjo zinamhusu zaidi mwenye funguo za jokofu, na za maabara ziko kuelekea mwisho.

Hizi protini zenye sukari ni kitu gani?

Bakteria wengi wanaoua watoto wadogo hujivika koti la sukari. Si sukari ya chai. Ni minyororo mirefu ya sukari za aina nyingine kabisa, na kila aina ya bakteria ina mpangilio wake. Koti hilo huwasaidia kuteleza mbele ya seli nyeupe za damu, ndiyo maana wanafika kwenye mapafu, kwenye damu, na hata kwenye utando wa ubongo. Lakini mwili ukishatengeneza kingamwili zinazolishika koti lenyewe, seli nyeupe humtambua bakteria na kummeza.

Kwa hiyo wataalamu huchukua sukari ya koti na kuifunga kwenye protini inayotokana na bakteria. Protini inayotumika sana ni sumu ya pepopunda au ya dondakoo ambayo imeondolewa makali. Ipo nyingine iitwayo CRM197: hii ni sumu ya dondakoo iliyobadilishwa kiungo kimoja tu katika mnyororo wake, na badiliko hilo moja linatosha kuifanya isidhuru. Sukari ikishafungwa hapo, tunapata glaikoprotini, na ndiyo iliyomo kwenye baadhi ya chanjo anazochomwa mtoto wako kliniki.

Wapo pia bakteria wanaofunga sukari kwenye protini zao wenyewe, bila mkono wa binadamu. Campylobacter jejuni, anayeleta kuhara, ni mmoja wao. Kimelea cha kifua kikuu ni mwingine.

Kwa nini sukari isichomwe peke yake?

Kwa sababu mtoto chini ya miaka 2 haitikii sukari tupu, na huyo ndiye tunayetaka kumlinda kuliko wote.

Seli B, zinazotengeneza kingamwili, huweza kuiona sukari. Lakini ili zitengeneze kingamwili imara na kuweka kumbukumbu ya miaka, zinahitaji msaada wa seli T, na seli T kwa kawaida husoma vipande vya protini, si sukari. Sukari bila protini ni jembe bila mpini: makali yapo, ila hakuna pa kushikia. Seli B inapomeza sukari iliyofungwa kwenye protini, huikatakata protini, huonyesha vipande vyake kwa seli T, na seli T hutoa ruhusa. Kingamwili zinazotoka hapo ni za kushambulia sukari, ingawa ruhusa imetokana na protini.

Jambo hili lilionekana mapema. Mwaka 1931 Walther Goebel na Oswald Avery, New York, walifunga sukari ya nimokoka, bakteria wa nimonia, kwenye protini ya damu ya farasi, na sungura waliochomwa wakatengeneza kingamwili ambazo sukari tupu haikuzileta. Ikapita miaka zaidi ya 50 kabla ya watoto kufaidika. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu chanjo ya sukari tupu dhidi ya Hib, bakteria anayeleta homa ya uti wa mgongo na nimonia kwa watoto, na watoto wachanga haikuwafaa. Mwaka 1987 ikaja ya sukari iliyofungwa, kutokana na kazi ya John Robbins na Rachel Schneerson upande mmoja, na David Smith na Porter Anderson upande mwingine. Hiyo ndiyo iliyobadili mambo.

Muungano huo ukikatika, kwa joto au kwa uzembe wa kiwandani, sukari hubaki ikielea peke yake na chanjo hupungua nguvu. Kanuni nyingi utakazozisoma hapa chini, za umri, za dozi na za joto la jokofu, zinatokana na jambo hilo au na umri wa mtoto.

Kliniki zetu zinatoa zipi?

Mbili kubwa. Ya kwanza imo ndani ya Penta, ile sindano moja inayokinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na Hib. Sehemu ya Hib ndiyo yenye sukari, kwa kawaida mikrogramu 10 zilizofungwa kwenye protini ya pepopunda. Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2009.

Ya pili ni PCV, dhidi ya nimokoka, bakteria wa nimonia, homa ya uti wa mgongo na maambukizi ya masikio. Ilizinduliwa nchini mwishoni mwa 2012 na kuenea 2013. PCV13 ina sukari za koti za aina 13 za nimokoka, kila moja ikiwa imefungwa kwenye CRM197.

Zote hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, dozi ya mililita 0.5, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Penta huchomwa paja moja na PCV paja jingine. Kama siku hiyo kuna sindano ya tatu, mfano ya polio ya kuchoma, inakwenda kwenye paja mojawapo, umbali wa sentimita 2.5 kutoka ilipochomwa ya kwanza. Wazazi wengi huogopa sindano zaidi ya moja kwa siku. Mwili wa mtoto unazimudu, na kurudi tena kwa safari ya pili kutoka Farkwa au Kibakwe kipindi cha mvua ndiko kunakoacha dozi nyingi bila kutolewa.

Mimi naenda Makka. Inanihusu?

Ndiyo. Saudi Arabia hudai cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina A, C, W na Y, iliyochomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Ipo ya sukari tupu na ipo ya sukari iliyofungwa kwenye protini. Ya kwanza hukubaliwa kwa miaka 3, ya pili kwa miaka 5. Ukiweza kuchagua, chagua ya pili, na hakikisha anayekuchoma ameandika kwenye cheti ni ya aina gani. Cheti kisichotaja aina huhesabiwa miaka 3.

Nina kisukari ukoo mzima. Hii sukari haitamletea mtoto?

Hapana. Sukari zote katika dozi moja ya PCV13 zina uzito wa takriban mikrogramu 31. Kijiko cha chai cha sukari, gramu 4, kina uzito wa karibu mara 130,000 ya hizo. Isitoshe, zile ni sukari ambazo mwili hauzigeuzi kuwa glukosi ya kupandisha kipimo. Mwenye kisukari mwenyewe ana sababu zaidi ya kuchanjwa, kwa kuwa nimokoka humwandama kuliko mtu mwingine.

Mtoto amepata homa baada ya sindano. Nimpe nini?

Homa ndogo, uvimbe na wekundu paja lilipochomwa ni kawaida, na huisha ndani ya siku 1 hadi 2. Mnyonyeshe mara nyingi, mvue nguo nzito, na weka kitambaa chenye maji ya baridi ya kawaida palipovimba. Usipake mafuta ya taa, dawa ya meno wala majani.

Paracetamol hutolewa akipata homa, si kabla. Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba watoto waliopewa paracetamol ya kujikinga walitengeneza kingamwili chache zaidi kwa chanjo za aina hii. Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa kuachanisha saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Dawa ya maji ya miligramu 120 katika mililita 5: mtoto wa kilo 6 anapata mililita 2.5. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kijiko cha jikoni kinadanganya. Kwa mtoto wa wiki 6, uliza kituoni kwanza kabla ya kumpa.

Rudi kituoni mara moja kama homa imezidi saa 48, mtoto hanyonyi, analia mfululizo zaidi ya saa 3, amepata degedege, anapumua kwa kasi au amelegea. Asidhaniwe tu kwamba ni chanjo: apimwe malaria, aangaliwe kifua na masikio.

Mzio mkali ni nadra sana, takriban dozi 1 kati ya milioni, na huanza ndani ya dakika chache. Ndiyo maana tunakuomba ukae kituoni dakika 15 hadi 30. Mhudumu awe na adrenalini ya 1:1000 mkononi, mililita 0.01 kwa kila kilo, kwenye msuli wa paja.

Mwanangu alimaliza PCV zote tatu na bado kaugua nimonia. Chanjo ni feki?

Si feki. Nimonia husababishwa na virusi vingi na bakteria wengi, na nimokoka peke yake ana aina zaidi ya 100 za koti. PCV13 inakinga 13 zinazosababisha ugonjwa mkali zaidi. Kingamwili za aina 14 hazishiki aina 35B, kwa sababu sukari yake ni nyingine.

Kuna jambo la pili ambalo wataalamu wanalifuatilia kwa makini: aina zilizomo kwenye chanjo zikipungua kooni mwa watoto, aina zisizomo huchukua nafasi. Baada ya PCV ya aina 7 kuanza Marekani mwaka 2000, aina 19A iliongezeka, nayo ikaingizwa kwenye PCV13. Kwa hiyo orodha ya chanjo haitakaa ilivyo milele.

Bado ungemchanja? Tena bila kusita. Ugonjwa mkali unapungua, na hata aina sugu kwa dawa hupungua kwa kuwa hazisambai.

Kwa nini hakuna chanjo ya namna hii kwa kila bakteria?

Mfano mzuri ni homa ya uti wa mgongo ya aina B. Koti lake ni la sukari inayofanana na ile iliyoko kwenye seli za neva za binadamu. Mwili hauitikii vizuri, na kuulazimisha kungekuwa hatari, hivyo chanjo za aina B zimetengenezwa kwa protini badala ya sukari.

Trakoma, inayosumbua kwa miaka mingi Kongwa na maeneo ya jirani, ni kisa kingine. Kimelea chake huishi ndani ya seli na hakina koti la kulengwa namna hii. Mpaka sasa kinga ni kunawa uso, vyoo, azithromycin inayogawiwa kijiji kizima, na upasuaji wa kope zilizogeukia ndani.

Mtoto ana sikoseli. Kuna cha ziada?

Kipo, na ni muhimu sana. Bandama la mtoto mwenye sikoseli huharibika mapema, nalo ndilo linalochuja bakteria wenye koti. Nimokoka anaweza kumuua mtoto huyu ndani ya saa chache tangu homa ianze. Amalize PCV na Penta kwa wakati, na juu ya hapo anywe penisilini V kila siku: miligramu 125 asubuhi na jioni mpaka afikishe miaka 3, kisha 250 asubuhi na jioni mpaka miaka 5. Mwenye mzio wa penisilini atapewa dawa nyingine. Akipata homa, asisubiri kesho yake.

Baada ya miaka 2 daktari anaweza kuongeza chanjo ya sukari tupu ya aina 23, angalau wiki 8 baada ya PCV. Utaratibu ni huo: iliyofungwa kwanza, tupu baadaye. Ukigeuza, au ukirudiarudia ile tupu, mwitikio wa mwili hudhoofika.

Chanjo ina protini ya pepopunda. Basi sindano ya pepopunda siihitaji tena?

Unaihitaji. Protini iliyobeba sukari haihesabiwi kuwa dozi ya pepopunda. Mjamzito aendelee na ratiba yake.

Na chanjo ya taifodi?

Ipo, inaitwa TCV: sukari ya Vi ya bakteria wa taifodi, mikrogramu 25, iliyofungwa kwenye protini ya pepopunda. Ni dozi moja ya mililita 0.5 kwenye msuli, kuanzia miezi 6. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi yake 2018. Katika majaribio ya Malawi ilizuia takriban visa 8 kati ya 10 vya taifodi iliyothibitishwa kwa kuotesha damu. Ile ya zamani ya sukari ya Vi tupu haifai chini ya miaka 2.

Nilipima Widal ikawa chanya. Ni taifodi, au ni chanjo?

TCV haileti Widal chanya, kwa sababu Widal hutafuta kingamwili za O na H, sehemu nyingine za bakteria huyo, si za Vi. Lakini Widal moja chanya nayo haithibitishi taifodi. Katika eneo letu watu wengi wana kingamwili za zamani, au za bakteria jamaa wa taifodi. Tunaona watu wanaotibiwa "taifodi sugu" mwaka mzima kwa karatasi ya Widal, na ugonjwa halisi unaendelea.

Jibu la kuaminika ni kuotesha damu, mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, ichukuliwe kabla ya antibaiotiki. Dawa ikishamezwa, uwezekano wa bakteria kuota unashuka sana. Kama haiwezekani, Widal mbili zilizoachana siku 10 hadi 14, zenye ongezeko la mara nne, zina maana kuliko moja.

Je, sukari na protini vinaweza kutumika kupima, si kuchanja tu?

Ndiyo, na kwa kanda ya wafugaji jambo hili lina uzito. Brusela, ile inayotupisha mimba ng'ombe na mbuzi, humpa binadamu homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo na kiuno. Vipimo vya haraka vya homa vinavyouzwa kwenye maabara ndogo hutoa chanya nyingi za uongo.

Watafiti wa Argentina walichukua njia nyingine. Sukari ya nje ya brusela inafanana sana na ya Yersinia enterocolitica O:9, ambaye si hatari kumfuga maabara kama brusela. Wakamfanya bakteria atengeneze sukari hiyo na kuifunga kwenye AcrA, protini ya Campylobacter. Glaikoprotini hiyo hubandikwa kwenye sahani au ukanda wa kipimo, ikanasa kingamwili za mgonjwa. Faida yake ni kwamba kila kundi la kipimo hutoka sawasawa, na hakuna haja ya kukuza brusela hai. Udhaifu ni ule ule wa chanzo chake: aliyeugua Yersinia O:9 anaweza kuonekana chanya.

Kipimo cha mkojo cha LAM, kinachotumika kwa wenye VVU wanaoshukiwa kifua kikuu, watu hukichanganya na hivi. LAM ni sukari iliyoshikamana na mafuta, si protini. Unaweka mikrolita 60 za mkojo, unasoma baada ya dakika 25. Hasi haimaanishi hana TB.

Onyo moja kwa madaktari: kipimo cha mkojo cha kutafuta nimokoka kinaweza kutoa chanya siku chache baada ya mtu kuchomwa chanjo yake. Uliza kabla ya kupima.

Wakati wa kusubiri vipimo bora vya brusela, chemsha maziwa, kwa kuwa brusela hupita humo.

Chanjo hizi zinaharibika vipi? Jokofu letu la sola halijawahi kuzima.

Hofu ya wengi ni joto, hasa Oktoba na Novemba. Joto kweli huharibu: hukata minyororo ya sukari na kuiachilia kutoka kwenye protini. Lakini kwa Penta na PCV, kuganda ni kubaya zaidi kwa sababu hutokea kimyakimya. Zina chumvi ya aluminiamu, ambayo ikiganda hukusanyika madonge na haiwezi kurudi ilivyokuwa. Alama ya VVM, ile ya kwenye kichupa inayobadilika rangi, haionyeshi kuganda. Inaonyesha joto tu.

Kiwango ni nyuzi 2 hadi 8. Soma kipimajoto asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na uandike hapohapo. Vichupa visiguse ukuta unaotoa baridi wala sakafu ya jokofu; tumia vikapu vyake. Jokofu la nyumbani lenye chumba cha barafu juu ndilo linalogandisha zaidi, hasa usiku wa Juni na Julai.

Kwa huduma ya mkoba, kosa linalojirudia ni kutoa vipande vya barafu kwenye friza na kuvitia moja kwa moja kwenye kisanduku cha kubebea chanjo. Vinatoka vikiwa na nyuzi karibu hasi 20. Vipange mezani, subiri, kisha tikisa kimoja kimoja karibu na sikio. Ukisikia maji yakicheza ndani, kiko tayari. Futa umande, panga pande nne, weka chanjo katikati na sponji juu. Njia salama zaidi kwa safari fupi ni pakiti za maji baridi yasiyoganda.

Kwenye VVM, tazama mraba ulio ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, tumia. Ukilingana rangi na duara au ukizidi, tupa.

Nashuku Penta imeganda. Nifanyeje?

Kama unaiona barafu ndani, itupe, hakuna cha kupima. Kama ni shaka tu, fanya jaribio la kutikisa. Chukua kichupa kimoja cha toleo lile lile, kigandishe usiku kucha mpaka kiwe kigumu, kiandike "IMEGANDA", kisha kiyeyushe bila kukipasha moto. Shika hicho na unachokishuku kwa mkono mmoja, tikisa kwa sekunde 10 hadi 15, viweke mezani pamoja mahali penye mwanga, na uviangalie hadi dakika 30. Kilichoganda hujitenga: maji safi juu, mashapo mazito chini. Kinachoshukiwa kikituama kwa kasi ile ile au zaidi, toleo lote lililokaa nacho pale halitumiki. Kikituama polepole, kiko salama. Mtu anayeharakisha huangalia dakika mbili tu na kuamua. Asifanye hivyo.

Kichupa kilichofunguliwa kinakaa muda gani?

Penta ya maji ya dozi 10 na PCV ya dozi 4 yenye kihifadhi hukaa hadi siku 28, ikiwa imebaki nyuzi 2 hadi 8, VVM ni nzuri, haijapita tarehe na kifuniko hakijazama majini. Andika tarehe ya kufungua juu ya kichupa. Kichupa cha dozi 1 hakina kihifadhi, kitumike mara moja. Chanjo za unga zinazochanganywa na maji yake, mfano ya surua-rubela, hutupwa baada ya saa 6 au kliniki ikiisha, lolote litangulie.

Wanasayansi hutengenezaje glaikoprotini hizi?

Njia ya zamani ina hatua nyingi. Unakuza bakteria anayeleta ugonjwa, unatoa sukari yake na kuisafisha, unaipasua kidogo kwa kemikali ili ipate ncha zenye kushika, unaiunga na protini, kisha unaondoa sukari iliyobaki huru. Kwa PCV13 kazi hiyo hufanyika mara 13, kila aina peke yake, kabla ya kuchanganywa. Gharama kubwa imejificha hapo.

Njia mpya inamtumia bakteria wa maabara, E. coli, kama kiwanda. Mwaka 2002 Michael Wacker na Markus Aebi, Zurich, pamoja na wenzao walionyesha kwamba mfumo wa Campylobacter ukihamishiwa ndani ya E. coli unafanya kazi. Vinahitajika vitu vitatu: jeni za kutengeneza sukari unayoitaka, protini ya kuibebea, na kimeng'enya PglB kinachofunga sukari kwenye protini. Protini lazima iwe na mahali pa kufungia: asparajini, ikiwa nafasi mbili mbele yake kuna serini au threonini, na nafasi mbili nyuma yake kuna aspateti au glutameti. Mahali hapo pakikosekana, hupati kitu.

Wanafunzi hukwama sehemu tatu. Kwanza, wanasahau kumwondolea E. coli jeni ya waaL, basi sukari hupelekwa kwenye ukuta wa nje wa bakteria badala ya kwenye protini. Pili, PglB huchagua: inapenda sukari ya kwanza ya mnyororo iwe na kundi la asetamido, na kwa sukari nyingine hufunga kidogo au haifungi. Tatu, manganizi au magnesiamu haitoshi kwenye chakula cha bakteria, na kimeng'enya hakifanyi kazi. Kwenye jeli ya protini utaona mstari mmoja wa protini tupu, na juu yake ngazi ya mistari ya protini zenye sukari za urefu tofauti. Ngazi isipoonekana, anza kukagua na hayo matatu.

Mwaka 2021 kundi la Marekani lilichapisha njia isiyotumia bakteria hai kabisa: maji ya ndani ya seli hukaushwa kuwa unga, ukiongeza maji unatengeneza chanjo ndani ya saa moja. Bado ni ya utafiti, lakini kwa sehemu kama zetu, zenye barabara ndefu na umeme wa mashaka, ndiyo tunayoitazamia kwa hamu.

Zote zinafanikiwa?

Hapana. Chanjo ya namna hii dhidi ya aina 9 za E. coli, iliyolenga kuzuia maambukizi makali kwa wazee, ilisimamishwa Februari 2024 kwa kuwa haikukinga vya kutosha. Kingamwili zilikuwepo, ugonjwa haukupungua inavyotakiwa. Kwa upande mwingine, chanjo ya aina A ya uti wa mgongo, iliyoanza Burkina Faso Desemba 2010 kwa bei chini ya nusu dola kwa dozi, ilikaribia kuumaliza ugonjwa wa aina hiyo katika ukanda wa Sahel. Aprili 2024 Nigeria ikawa ya kwanza kutumia ile ya aina tano: A, C, W, Y na X.

Tulihamia na ng'ombe Manyoni, mtoto akakosa dozi ya wiki 10. Tuanze upya?

Msianze upya. Dozi aliyopata inahesabika hata kama imepita miezi. Mpeleke kituo chochote, siyo lazima pale alipoanzia, aendelee na inayofuata, na kati ya dozi moja na nyingine ziwepo angalau wiki 4. Kama amevuka mwaka, mhudumu ataamua ni chanjo zipi bado anastahili na ngapi, hivyo usimwache nyumbani kwa kudhani amechelewa sana. Beba kadi ya kliniki. Ikiwa imepotea, mwambie mhudumu tarehe na kituo alikochanjwa mara ya mwisho ili atafute kwenye rejista. Ikishindikana kabisa, dozi isiyo na ushahidi huhesabiwa haikutolewa, na kuirudia Penta au PCV hakumdhuru mtoto.